Boneti Haina Kosa

14 Januari

Mjomba,

Kabla ya salamu nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila Jumapili mchana, Mama Mkubwa akishakwenda kwenye kikao cha kikundi chake na mimi nikishampeleka Babu kwa kinyozi, narudi nyumbani mbio, naingia bandani na kuwasha lile gari la spoti. Silitoi nje, wala kuendesha sijui. Naketi tu kwenye usukani, nasikiliza injini, halafu naizima na kupepea moshi kwa daftari. Nimefanya hivyo tangu mwaka jana.

Sasa shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko machimboni, na kwamba mashine za kusaga mawe hazijakumaliza masikio. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kwenye hospitali aliyohamishiwa, anapiga simu kila akitoka zamu kuniuliza kama nakula. Mama Mkubwa anakusalimu, ingawa alichosema hasa ni, "Mwambie mdogo wangu ameoa mawe." Mimi niko kidato cha tatu. Nimekuwa wa pili katika fizikia, na katika michezo mwalimu ameniomba niwe mtunza makoti. Babu yupo.

Naandika kwa sababu kwenye simu mimi husahau maneno, na wewe hukata simu mtu akitaja banda.

Jambo lenyewe ni hili. Mama Mkubwa analitaka banda afugie kuku. Amempata mtu wa vyuma chakavu ambaye atalikokota gari na kwenda kulikata vipande. Nilisema hapana. Unanijua, Mjomba, mimi mwalimu akiniuliza jina langu sauti hupotea. Lakini nilisema hapana mezani, mbele ya watu, na kijiko kikaniponyoka. Mama Mkubwa alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea.

"Gari gani hilo lisiloweza hata kufunga mdomo?" akauliza. "Boneti imeachama tangu mjomba wako aondoke. Haya, nisikilize. Shule zikifungwa mwezi wa sita, likitoka humo kwa magurudumu yake, boneti imefungwa, likapanda mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, kuku wangu nitawatafutia pengine. Likishindwa, linakwenda."

Babu alikuwa anakunywa chai. Alisema, "Boneti haina kosa," akaendelea kunywa.

Nimelichunguza. Kabureta uliyoifunga ni ndefu, na chujio la hewa lililo juu yake linagota boneti kabla haijafunga. Ubavuni mwa boneti kuna tundu moja la drili, na kuanzia hapo kuna mstari wa msumari unaochora mraba. Nadhani hapo ndipo ulipoishia. Ulitaka kufanya nini, na kwa nini uliacha?

Ni mimi mpwa wako, mwenye miwani.


9 Februari

Miwani, mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kiatu, kwa sababu dereva wa lori huweka barua zetu mahali anapowekea miguu. Huku tu wazima. Mpishi wetu ametoroka, sasa tunapika kwa zamu, na siku ya zamu yangu watu wengi huumwa tumbo kabla hata ya kula. Msalimie mama yako. Msalimie dada yangu, mwambie mawe hayana mdomo, ndiyo maana nimedumu nayo. Msalimie kinyozi.

Kuhusu gari. Kwanza, usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Ule moshi huua mtu huku akidhani anasinzia. Daftari si kitu. Fungua milango yote miwili au usiwashe kabisa. Hapo sitanii. Pili, lile si gari langu. Lina mwenyewe.

Boneti ndiyo kosa, asikudanganye mtu. Gari lilizaliwa na kabureta fupi. Ile ilikufa, na za aina yake hazipatikani tena. Niliyoifunga ni ya gari kubwa zaidi, ni nzuri sana, lakini inataka nafasi juu. Dawa ni kuukata ule mraba, kisha unafunika pengo kwa kofia ya bati. Magari mengi ya spoti yana kofia ya namna hiyo na watu wanayapiga picha. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwite mtu yeyote mwenye msumeno wa chuma. Kata.

Niliacha kwa sababu niliambiwa niache. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ila nieleze: tangu lini Mzee anapelekwa kwa kinyozi? Zamani alikwenda mwenyewe, tena kwa njia ndefu, ili apate kuwapita watu asiowasalimia.

Mjomba wako.


27 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Mvua imevuja jikoni na sufuria zote ziko sakafuni. Mama alikuja kwa likizo fupi, akalala usingizi tangu alipofika mpaka alipoondoka, katikati akaamka kuniuliza kama nakula. Salamu zako nimezifikisha. Kinyozi ameshangaa lakini amefurahi.

Sikati.

Nakueleza kwa nini. Jumapili nilimfuata Babu kwa kinyozi kama kawaida. Tulipofika kwenye kona akasema, bila kunigeukia, "Leo ulipoiwasha injini umevuta choki kupita kiasi." Nilitaka ardhi inimeze. Akaendelea, "Sauti ya injini ile inafika kwa kinyozi. Kila Jumapili wembe unasimama, tunanyamaza wote mpaka uizime. Kinyozi anasema unalijua kulisikiliza." Kumbe siri yangu ilikuwa na wanachama.

Siku hiyo aliingia bandani kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Akaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, akasema, "Hii haikatwi. Na usiniulize." Sikumuuliza.

Kwa hiyo tumepima. Mwalimu wa sanaa alinipa bonge la udongo wa kufinyangia. Nilitoa chujio la hewa, nikaweka udongo juu ya kabureta ukiwa umeviringishwa kwenye mfuko wa plastiki usigande, nikashusha boneti mpaka ikafunga, kisha nikafungua. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi tuliyo nayo. Babu aliubana kati ya vidole, akafikiri. "Vidole viwili," akasema. "Na chujio linataka vitatu." Tumepungukiwa kidole kimoja, Mjomba. Kukata boneti kwa ajili ya kidole kimoja ni kama kubomoa nyumba kwa sababu kabati limekwama mlangoni.

Halafu nikaona kwamba chini ya kabureta, kati yake na injini, kuna kipande cha mti chenye unene wa kidole kile kile. Nikakitoa. Nikafunga kabureta bila mti, na boneti ikafunga. Ilifunga kwa sauti nzito, ya kuridhika. Babu alinifanya niifungue na kuifunga tena na tena.

Niliwasha, milango yote miwili ikiwa wazi kama ulivyoagiza. Ilinguruma vizuri kwa muda, kisha ikakohoa, ikanuka petroli, ikazima. Haikuwaka tena mpaka jioni ilipopoa. Ule mti ulikuwa unafanya kazi gani?

Mpwa wako asiyekata.


3 Aprili

Miwani,

Marahaba. Usidhani nilikuwa nimenuna. Lori lilivunja ekseli njiani, dereva akaitia barua yako kwenye suruali, na mke wake akaifua suruali. Nimesoma vizuri mpaka neno "Sikati", baada ya hapo nilisoma pamoja na sabuni. Msalimie dada yangu na mama yako. Huku tumepata mpishi mpya. Tunajuta.

Ule mti ndio unaozuia joto. Ukiutoa, joto la injini linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kabureta, na petroli inachemka mle ndani kama chai. Injini inataka petroli ya maji, wewe unaipa mvuke. Urudishe. Na kabla hujaniandikia kwamba umeamua kuishusha injini yenyewe, nakujibu: ukiishusha, tumbo lake litagonga kizingiti cha geti, na oili yote itabaki nyumbani.

Unaona sasa. Ukiuweka mti, boneti haifungi. Ukiutoa, petroli inachemka. Nilizunguka hapo hapo kama punda wa kinu, peke yangu, huku mtu akipita mlangoni na kusema "boneti haina kosa" bila kunionyesha lenye kosa ni lipi. Ndipo nikachukua drili.

Wewe ni mkaidi. Najua umeutoa wapi ukaidi huo, na si kwa mama yako.

Swali langu la kinyozi umeliruka. Nami nina la pili. Mzee alikuwa na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, akilala nayo, akiamka nayo. Kwa nini sasa anapima kwa vidole?

Mjomba.


2 Mei

Shikamoo Mjomba.

Hatujambo sote. Paa la jiko limezibwa. Mama anakusalimu. Mama Mkubwa hakusalimii wiki hii, na sababu utaiona chini.

Kitabu changu cha fizikia kinasema joto lina njia zaidi ya moja ya kusafiri. Lipo linalopita ndani ya chuma, hilo ndilo linalozuiwa na mti. Lakini lipo jingine linaloruka hewani, na kabureta yako imekaa juu kabisa ya bomba la moshi, ambalo huwa la moto kama pasi. Hilo la pili mti hauliwezi. Linarudishwa na uso unaong'aa. Nikafikiri, kama nitalizuia la pili, huenda kwa lile la kwanza mti mwembamba ukatosha.

Nilimpelekea seremala kile kipande, akakipasua kikawa nusu ya unene. Kisha nikatafuta kitu kinachong'aa. Mjomba, katika nyumba hii hakuna kitu kinachong'aa kuliko sinia la wageni la Mama Mkubwa. Nililizunguka kwa siku kadhaa. Halafu nikalikata.

Nililikata kwa mkasi wa bati wa Babu, nikatoboa matundu, nikalilaza kati ya bomba la moshi na kabureta, uso unaong'aa ukitazama chini. Babu naye alichukua kifuniko cha chujio. Aliniambia nimshikie kidole nikiweke pale panapotakiwa kushuka, kisha akafua taratibu kwa nyundo ya mbao, akipapasa baada ya kila pigo, mpaka kifuniko kikalala. Nusu kidole kwenye mti, nusu kidole kwenye kifuniko. Kile kidole tulichopungukiwa tumekipata.

Mama Mkubwa alirudi na wageni. "Nani ameona sinia langu?"

Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko ninakokujua. Nikasema, "Liko kwenye injini."

Alikaa chini. Akasema, "Likishindwa, na wewe utapakiwa na yule mtu wa vyuma."

Kisha tukalijaribu. Mchana, jua la kuchoma, bati la banda linalia kwa joto, boneti imefungwa. Tuliwasha baada ya chakula. Babu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini. Petroli haikuchemka. Ilinguruma mpaka Mama Mkubwa akaja kuuliza kama tumepanga kuishi hivyo. Nilipokanyaga mafuta ndipo ikasikika gonga, gonga chini ya boneti. Babu akasema injini inashtuka kama mtu aliyeitwa ghafla, inapinda, na kifuniko kinagusa. Tukaifunga upande mmoja kwa kipande cha mnyororo wa baiskeli, kutoka kwenye injini mpaka kwenye chasisi. Sasa ukikanyaga inatulia. Hakuna gonga.

Nimemaliza habari za gari, kwa hiyo sina tena pa kujificha. Babu haoni. Ilianza kama ukungu, akasema miwani imechafuka, akanunua mingine, nayo ikachafuka. Sasa anaona mwanga na kivuli tu. Rula iko kwenye droo. Alinikataza nisikuandikie, nami nimekaidi.

Ndiyo maana hatuna wa kuendesha. Mama Mkubwa hajui, Mama hajui, mimi umri haujafika. Injini kunguruma bandani tu hakumridhishi Mama Mkubwa, anataka gari litoke. Njoo uliendeshe.

Mpwa wako.


24 Mei

Miwani,

Marahaba. Nilipata barua yako nikiwa juu ya mashine, nikashuka ili niisome vizuri, nikapanda, nikashuka tena.

Daktari amesema nini? Niandikie yote, usinichagulie.

Hongera kwa sinia. Sikulifikiria. Nilikuwa naangalia juu tu, kwenye boneti, kumbe adui mwingine alikuwa chini.

Lakini siji. Nilifukuzwa kwa mdomo, mchana kweupe, majirani wakiwa wameegemea ukuta. Kama ananihitaji, aniite kwa mdomo huo huo. Macho ndiyo yaliyoharibika, mdomo haujaharibika. Tafuteni dereva wa kukodi. Asiwe mtu wa kukanyaga mafuta kwa hasira.

Mjomba.


6 Juni

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Daktari amesema kama angewahi mapema pengine jicho moja lingesaidika, sasa hapana. Hayo ndiyo yote. Sikukuchagulia.

Barua yako nilimsomea Babu yote, pamoja na majirani na ukuta. Aliposikia "aniite kwa mdomo" akasema, "Mimi siiti mtu."

Nilipandisha sauti, Mjomba. Kwa Babu. Miwani ilikuwa mkononi kwa hiyo sikumwona vizuri, nadhani hilo lilinisaidia. Nilisema, "Kwa hiyo boneti mnailinda na kuigombania nyote wawili ili mtu wa vyuma aje aikate kwa gesi? Mimi nimekata sinia la watu. Niambie basi nilikuwa naokoa nini."

Alisimama, akanishika bega, tukaenda bandani. Kisha akanieleza.

Boneti ya kwanza iliangukiwa na ukuta. Hii aliifua mwenyewe kutokana na bati bapa. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Wakati huo yeye na marehemu Bibi walikuwa hawasemeshani, hata sababu ameisahau. Lakini kufua bati kubwa kunahitaji watu wawili, mmoja apige juu, mwingine ashike gogo upande wa chini, akilisogeza kila pigo linaposogea. Bibi aliingia chini ya bati bila kuambiwa. Alikuwa akigonga mara moja kwa gogo, maana yake hamia kushoto, mara mbili, hamia kulia. Walifanya kazi hivyo, kwa kugongeana tu, hawasemi. Siku moja Bibi akagonga mara nyingi mfululizo, Babu asielewe, akainama kuchungulia, akamkuta anacheka. Hapo ndipo ugomvi ulipoisha. Pana kibonde kidogo walichokiacha makusudi. Aliushika mkono wangu akanipapasisha, nikakipata. Kiko katikati ya mraba wako.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukumwambia Mjomba?"

"Hakuniuliza. Alikuja na drili."

Asubuhi yake alinikabidhi funguo, wa banda na wa gari, zote kwenye kishikio kimoja. Akasema, "Mwambie atakayeliendesha kwamba breki ya kushoto inavuta." Sijui kama huko ni kuita. Nimeandika kama alivyosema.

Banda nimelifunga. Funguo ziko ndani ya bahasha hii, na hakuna nyingine. Mtu wa vyuma atakuja na kamba tarehe ishirini na mbili, Jumamosi. Dereva wa kukodi hatutafuti. Sikuombi tena uje, Mjomba. Nakujulisha tu kwamba usipokuja, aliyelifungia gari hilo humo ndani ni wewe.

Mpwa wako.


15 Juni

Miwani,

Funguo zimefika. Hii si barua, huu ni utekaji.

Mwambie dada yangu afiche masinia yaliyobaki.

M.


30 Juni

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini umefika salama na kwamba mpishi mpya naye ametoroka. Sisi hatujambo. Mama amepiga simu, na badala ya kuniuliza kama nakula ameniuliza kama ni kweli. Nimemwambia ni kweli.

Mengi ya Jumamosi unayajua kwa kuwa ulikuwepo, kwa hiyo nitakuandikia yale usiyoyaona. Gari lina viti viwili na nyote wawili mlikuwa mmeshakaa. Wewe uliniangalia kama mtu anayetaka kushuka. Nilikuambia nenda, na nilimaanisha.

Mlipokata kona sauti ikapungua. Pale getini tulibaki mimi, Mama Mkubwa na mtu wa vyuma aliyekuwa amejiviringishia kamba begani. Kinyozi alikuwa amekuja mpaka ng'ambo ya barabara na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Gari lilipoanza kupanda kilima tulilisikia. Kisha hatukulisikia.

"Limezima," akasema mtu wa vyuma.

"Halijazima," nikasema.

"Binti, mimi magari nayajua."

"Unayajua yakishakufa," nikamjibu. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Kinyozi ndiye aliyecheka.

Tulingoja. Mtu wa vyuma aliishusha kamba, akaanza kuikunjua taratibu, kama mtu anayetandika mkeka. Mama Mkubwa alikuwa amefumbata mikono. Nilijua kwamba kama petroli imechemka huko juu, ni mimi niliyeichemsha, na kitabu changu, na nusu ya kipande cha mti. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia Babu. Ndipo Mama Mkubwa akainua kidole, akasema, "Nyamazeni." Yeye ndiye aliyelisikia kwanza. Lilipotokeza kwenye kona, jua likimeta juu ya boneti iliyofungwa, alisema kwa sauti ndogo, "Sinia langu hilo linarudi." Kisha akamgeukia yule mtu. "Kamba yako ikunje. Unataka kuku, njoo mwezi ujao."

Kuku watakaa nyuma ya jiko. Ameshaanza kunituma misumari.

Ulisema mlisimama kwenye tangi la maji na kuzima injini makusudi, ili muone kama itawaka ikiwa ya moto, na iliwaka. Lakini mlikaa huko muda mrefu kuliko wa kujaribu injini. Nilimuuliza Babu mlizungumza nini. Akasema, "Breki." Nami najua ukijibu barua hii utaandika habari za mpishi. Basi, sitauliza.

Ila nitakuambia jambo moja alilolisema ulipokwisha kuondoka. Alisema, "Mwanangu anabadilisha gia kama anayegombana na gari." Zamani alikuwa anakuita "yule".

Nilimuuliza kama nilizibe lile tundu la drili ubavuni mwa boneti. Akalipapasa kwa kidole. "Liache," akasema. "Mwanangu naye alikuwa anagonga."

Zile funguo za gari na banda ulizoziacha mezani bila kusema kitu niliziona. Jumapili iliyofuata Mama Mkubwa hakuwa na kikao, na kinyozi alikuja kumnyolea Babu nyumbani, uani, kwenye kiti cha jikoni. Watu wote walikuwepo. Nilivuka ua mbele yao, nikafungua milango yote miwili ya banda, nikaegemeza mawe isijifunge. Nikatazama oili, nikafunga boneti, nikakaa kwenye usukani, nikavuta choki kidogo, nikawasha.